Mkono, Chuma na Mti: Ufundi wa Bunduki ya Kushindiliwa na Msamiati Wake

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii hukaririwa na wanafunzi wa Kiswahili kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu, lakini ni wachache wanaosita kuyapima maneno yake. Kusana ni kufua chuma kikapata umbo. Kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto ili chuma kilainike. Tumeihifadhi methali, ila karakana iliyoizaa imetutoka machoni, na kwa hivyo maneno yake yamebaki kama vyombo vilivyoning'inizwa ukutani ambavyo hakuna ajuaye vilitumiwaje.

Makala haya yanadhamiria kumrejesha msomaji katika karakana, ijapokuwa ni karakana ya mbali. Yanaeleza jinsi bunduki ndefu ya kushindiliwa, aina iliyopata umaarufu katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani katika karne ya 18, inavyoundwa kwa mkono na fundi mmoja kwa ajili ya mteja mmoja. Baada ya maelezo hayo, makala yatajiuliza swali linalotuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili: je, lugha yetu ina maneno ya kuueleza ufundi huu? Na ikiwa inayo, yalitoka wapi, na kwa nini mengine hayapo?

Ni vyema kutanguliza tahadhari moja. Bunduki ni chombo cha kuua, na nchini Kenya haiundwi wala haimilikiwi ila kwa idhini ya sheria. Kuusifu ufundi si kuisifu damu. Hata hivyo, mtu anaweza kuustaajabia mkono uliochonga kitu bila ya kusahau kitu hicho kilifanya nini duniani. Sehemu ya mwisho ya makala haya itarudi kwenye suala hilo.

Asili ya bunduki ndefu

Bunduki ya kushindiliwa ni ile inayotiwa baruti na risasi kupitia mdomoni, kisha vikasukumwa hadi chini kwa ufito uitwao mdeki. Katika Kiswahili bunduki ya namna hii huitwa gobore. Magobore mengi ya zamani yalikuwa na kasiba laini kwa ndani, kama bomba la maji. Risasi ilitoka humo ikiyumba, na umbali ulipozidi, shabaha ilikuwa ni bahati nasibu.

Wawindaji wa nchi za Wajerumani walikuwa na dawa ya tatizo hili. Ndani ya kasiba walichimba mifuo iliyojipinda kama mzabibu unaopanda mti. Risasi iliyopita humo ilitoka ikizunguka, na mzunguko huo ukaifanya ishike njia yake, kama vile pia inavyosimama wima maadamu inazunguka. Bunduki zao zilikuwa fupi na nzito. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, wahamiaji wa Kijerumani waliokuwa wamefika Pennsylvania waliuleta ufundi huo katika makazi mapya, hasa katika eneo la Lancaster. Huko, kizazi baada ya kizazi, waliirefusha kasiba na kuipunguza unene, wakayapunguza mapana ya risasi ili madini ya risasi na baruti vitumike kwa uchache, na wakaufanya mti wa bunduki uwe mwembamba. Kasiba nyingi za bunduki hizi zilifikia urefu wa kati ya sentimita 105 na 117. Baadaye zilipata lakabu ya bunduki za Kentucky, kwa kuwa walowezi waliovuka milima kuelekea magharibi walizibeba, ingawa nyingi zilikuwa zimefuliwa Pennsylvania. Miongoni mwa mafundi ambao majina yao yamehifadhika ni Jacob Dickert wa Lancaster.

Uundaji wa kasiba

Fundi huanza na bamba refu la chuma. Hulitia motoni, akalikunja juu ya ufito wa chuma mithili ya mtu anayekunja mkeka, kisha akaziunga kingo zake kwa joto na nyundo. Kazi hii haifanywi kwa mara moja. Sehemu yenye urefu wa kidole au viwili hutiwa motoni hadi ikaribie kuyeyuka, ikapigwa juu ya fuawe, kisha ikafuata sehemu nyingine, mpaka kasiba nzima iungane. Chuma kikipoa kabla ya pigo, kingo hazishikani; kikizidi moto, huungua na kuharibika. Hakuna kipimajoto ila jicho la fundi linalosoma rangi ya chuma. Hapa ndipo mvukutaji anapopata heshima yake, kwani bila pumzi yake ya mfululizo nyundo haina kazi.

Kasiba ikishaungana, hutobolewa kwa ndani kwa keekee ndefu hadi iwe laini na sawa, kisha nje yake hupigwa tupa, aghalabu ikapewa pande nane. Ndipo kazi ya mifuo inapofuata. Fundi hutumia gogo la mti la mviringo ambalo tayari limechongwa mifuo iliyojipinda. Gogo hilo linapovutwa na kusukumwa ndani ya fremu, hulazimika kujizungusha, na mzunguko wake hupitishwa katika ufito wenye jino dogo la chuma cha pua linaloingia ndani ya kasiba. Kila mpito hukwangua unyuzi tu wa chuma. Mfuo mmoja unapokuwa haujafikia kina chake, fundi huweka kipande cha karatasi chini ya lile jino ili lisimame juu zaidi, akarudia. Bunduki nyingi zilikuwa na mifuo saba au minane, na kipimo kilichozoeleka ni mzunguko mmoja kamili katika sentimita 122 hivi. Yaani ndani ya kasiba nzima ya urefu wa mita moja na kitu, mfuo haumalizi hata mzunguko mmoja. Mpindo huo mdogo, usioonekana ila mtu achungulie mdomoni, ndio unaotofautisha kulenga na kubahatisha.

Mtambo na kamani zake

Sehemu ya pili ni mtambo wa kuwasha moto. Katika bunduki ya gumegume, kipande cha jiwe hushikwa katika taya mbili za chuma. Kifyatulio kinapovutwa, kamani huachilia nguvu yake, taya huruka mbele, jiwe hukwangua uso wa bamba la chuma cha pua, na cheche huangukia kisahani kidogo kilichotiwa baruti laini. Baruti hiyo hushika, na ulimi wa moto hupenya katika tundu dogo ubavuni mwa kasiba hadi kwenye baruti kuu. Matendo haya yote hutimia katika muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, lakini kila moja linategemea jingine. Jiwe likiwa butu, cheche hazitoshi. Tundu likiziba, baruti ya kisahani huwaka bure na bunduki hukaa kimya.

Kamani ndiyo roho ya mtambo, na ndiyo humtofautisha mhunzi na mhunzi. Chuma cha pua hupashwa hadi kiwe chekundu, kikazimwa ghafla ili kiwe kigumu. Lakini chuma kigumu kupita kiasi huvunjika kama kigae. Kwa hivyo fundi hukipasha tena, polepole, huku akitazama rangi zinazotembea juu ya uso wake: manjano, kahawia, zambarau, na hatimaye buluu. Kamani inayoachwa kwenye buluu hupinda na kurudi bila kuchoka. Lile bamba linalopigwa na jiwe, kwa upande wake, huhitaji uso mgumu. Ikiwa limefuliwa kwa chuma laini, hufungiwa ndani ya kisanduku pamoja na makaa ya mifupa au ngozi na kupashwa kwa saa kadhaa, ili ngozi yake inywe kaboni na kuwa ngumu huku kiini chake kikibaki laini.

Mti unaopokea chuma

Sehemu ya tatu ni mti. Mafundi wa Pennsylvania waliupenda zaidi mti wa mepo, hasa ule ambao nyuzi zake zina mawimbi, ukapendeza kama ngozi ya mnyama mwenye milia. Mbao hukaushwa kwa miaka kadhaa kabla ya kuguswa, kwani mbao mbichi hujikunja baadaye na kuivuta kasiba itoke kwenye mstari wake.

Kazi ya kuutia mtambo ndani ya mti hudhihirisha uvumilivu wa fundi kuliko kazi nyingine yoyote. Fundi hupaka masizi ya taa kwenye chuma, akakibandika juu ya mti, akakiinua. Palipobaki weusi ndipo chuma kinapogusa. Hapo huondoa kwa patasi kipande chembamba kama ganda la kitunguu, akapaka tena, akabandika tena. Baada ya marudio mengi, chuma hukaa ndani ya mti kana kwamba mti ulikua ukikizunguka. Haraka haraka haina baraka: ukwanguzi mmoja uliozidi hauwezi kurudishwa, na mwanya wake utaonekana siku zote.

Nje ya mti hupakwa tindikali iliyoyeyushia chuma, kisha ukapitishwa karibu na moto. Rangi hubadilika machoni, na yale mawimbi yaliyokuwa yamejificha hujitokeza. Halafu hufuata mafuta ya kitani, tabaka juu ya tabaka. Ubavuni mwa kitako huwekwa kijisanduku chenye kifuniko cha shaba ambamo mwindaji huhifadhi vitambaa vilivyopakwa mafuta. Risasi huvikwa kitambaa hicho kabla ya kushindiliwa, maana risasi yenyewe ni ndogo kidogo kuliko tundu la kasiba. Kitambaa ndicho kinachoshika mifuo na kuizungusha. Kifuniko hicho cha shaba ndicho kilichokuwa uwanja wa nakshi. Kila eneo lilikuwa na mtindo wake, kiasi kwamba mjuzi anaweza kukadiria asili ya bunduki kwa kutazama mkunjo wa shaba, kama vile mjuzi wa pwani yetu anavyoweza kuutambua mlango wa Lamu kwa nakshi zake.

Fauka ya hayo, bunduki ya namna hii hupimwa kwa mwili wa mwenyewe. Urefu wa kitako hutegemea urefu wa mkono wake. Mteremko wake hutegemea shingo na bega. Shavu la mti huchongwa liupokee uso wake. Fundi humjua atakayeitumia. Huo ndio msingi wa neno kuagiza katika ufundi: kitu hakiwi tayari dukani, bali huzaliwa baina ya watu wawili.

Ufundi huu ulidorora katika karne ya 19 viwanda viliposhika hatamu, lakini haukufa. Mwaka 1933 chama cha kitaifa cha wapenzi wa bunduki za kushindiliwa kiliasisiwa Marekani, na mashindano yake yakapata makao katika kijiji cha Friendship, Indiana. Katika mji wa makumbusho wa Williamsburg, Virginia, fundi Wallace Gusler aliifua bunduki nzima kwa zana na mbinu za karne ya 18, kuanzia bamba la chuma hadi nakshi ya mwisho, na kazi hiyo ikaonyeshwa katika filamu ya mwaka 1969. Mwaka 1996 kikaundwa chama kingine cha mafundi na wakusanyaji wa bunduki ndefu za kisasa zilizoundwa kwa mtindo wa kale. Hivyo maarifa ambayo yangebaki katika vitabu tu yamerudi mikononi.

Msamiati ulipotoka

Msomaji makini atakuwa ametambua kwamba maelezo yaliyotangulia yametumia maneno machache sana ya kuazima kutoka Kiingereza. Kasiba, mtambo, kamani, mdeki, gumegume, kitako, kifyatulio, fuawe, tupa, keekee, patasi, nakshi: yote yamo katika hazina ya Kiswahili. Kamusi za zamani, ikiwamo ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, zinatutolea bunduki ya mrao, bunduki ya gumegume, bunduki ya fataki na bunduki ya viasi. Zinatupa pia neno kifa, yaani sehemu ya bunduki inayopokea moto kabla haujaingia katika kasiba.

Hebu tuyatazame yale majina manne kwa mpangilio. Mrao ni utambi unaoungua polepole; hiyo ndiyo teknolojia kongwe. Gumegume ni jiwe la cheche. Fataki ni kidonge cha kemikali kinacholipuka kinapogongwa, mbinu iliyotokana na uvumbuzi ambao Alexander John Forsyth, kasisi wa Uskoti, aliupatia hataza mwaka 1807. Viasi ni risasi zilizofungwa pamoja na baruti yake, zinazotiwa kwa nyuma. Kwa maneno manne tu, Kiswahili kimehifadhi karne kadhaa za historia ya moto na chuma. Atakayesema kwamba lugha hii haiwezi kubeba maarifa ya kiufundi ataje kwanza lugha ngapi zimefanya hivyo kwa uchumi mkubwa kama huu.

Kuna ushahidi zaidi. Neno risasi linatokana na jina la Kiarabu la madini yale mazito na laini ambayo vidonge vya gobore viliyeyushwa kutokana nayo, na hadi leo Kiswahili hulitumia kwa madini na kwa kidonge pia. Mzinga ni gogo lililotobolewa kwa ajili ya nyuki. Mizinga ya vita ilipofika, wenyeji walitazama umbo lake na kulipanua neno lao wenyewe. Nasi katika mapendekezo yetu ya utafiti huandika malengo na shabaha, pasi na kukumbuka kwamba maneno hayo ni ya mtu aliyefumba jicho moja na kulielekeza la pili kwenye windo.

Lakini liko pengo. Kwa ile mifuo iliyojipinda ndani ya kasiba, ambayo ndiyo fahari ya mafundi wa Pennsylvania, si rahisi kulipata neno mahususi lililozoeleka. Makala haya yamelazimika kulitumia neno mfuo, ambalo maana yake ya jumla ni mchirizi au mstari uliochimbwa. Kwa nini lugha iliyotaja utambi, jiwe, fataki na kifa isiutaje mfuo?

Jibu linapatikana katika historia. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta nguo za pamba, ambazo jina lake lingali linatukumbusha zilikotoka, pamoja na bunduki na baruti, wakarudi na pembe za ndovu. Kutoka Ulaya pia zilimiminika silaha za bei nafuu zilizotengenezwa kwa wingi katika miji kama Birmingham na Liège. Hizi hazikuwa bunduki zilizopimwa kwa bega la mtu. Zilikuwa bidhaa za jumla, zenye kasiba laini, zilizofuliwa na watu ambao hawangewaona kamwe wanunuzi wake. Katika misafara ya bara zilitumika kuwinda ndovu na kuwinda watu pia. Kisha Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotangaza nia ya kukomesha biashara ya watumwa, ukaweka vizuizi vikali dhidi ya kuingiza bunduki za mifuo na zile za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiruhusu kwa masharti magobore ya gumegume yasiyo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Watawala wapya wenyewe walibaki na zile bora.

Kwa hivyo pengo katika msamiati halitokani na umaskini wa lugha. Linatokana na kile kilichofikishwa mikononi mwa wasemaji wake na kile walichonyimwa. Kiswahili kilitaja kilichokishika. Jina halikuja kwa sababu kitu hakikuruhusiwa kuja, na kilipokuja hatimaye, kilikuja mikononi mwa askari wa kikoloni, pamoja na lugha nyingine ya kukitajia.

Mafunzo kwa mwanafunzi wa Kiswahili

Yapo mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, uundaji wa istilahi hauna budi kuanzia katika karakana. Mara nyingi sisi hukaa darasani tukabuni neno jipya la kitu ambacho fundi wa Gikomba au seremala wa Mombasa amekwisha kukitaja miaka mingi iliyopita. Anayetaka neno la kamani aende kwa mtengenezaji wa saa. Anayetaka majina ya tupa aende kwa fundi wa makufuli.

Pili, kamusi za zamani zisichukuliwe kuwa makaburi. Maneno kama mdeki na kifa yanaweza kuonekana kuwa hayana matumizi leo, lakini mfasiri wa riwaya ya kihistoria, mwandishi wa tamthilia kuhusu Vita vya Maji Maji au mtunza makumbusho atayahitaji kesho. Neno likishasahauliwa na wote, kulifufua huhitaji kazi kubwa kuliko kulihifadhi.

Tatu, historia ya maneno si mapambo ya isimu. Ndani ya msamiati wa gobore mna ustadi, mna biashara, na mna machozi ya waliofungwa minyororo. Mhakiki anayeyatenganisha haya huishia kuiona nusu ya neno. Tunaweza kumheshimu fundi wa Lancaster kwa subira yake mbele ya moto na, katika sentensi iyo hiyo, kukumbuka kwamba gobore lisilo na jina la fundi lilivuka bahari kuja kununuliwa kwa pembe na kwa watu.

Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi bunduki ndefu ya kushindiliwa inavyoundwa: kasiba inayokunjwa motoni, mifuo inayokwanguliwa unyuzi kwa unyuzi, kamani inayosomwa kwa rangi, na mti unaochongwa upokee chuma bila mwanya. Yameonyesha pia kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuyaeleza hayo karibu yote kwa maneno yake, na kwamba pale kinapokosa neno, ukosefu huo wenyewe una habari ya kutupa.

Kizazi chetu hakitafua bunduki, wala hapana haja. Lakini yako mashua yanayoundwa Lamu hadi leo, iko mikeka inayosukwa, na ziko ngoma zinazowambwa. Kila moja ya kazi hizo ina maneno yanayosubiri mtu wa kuyaandika angali mwenye ujuzi yu hai. Mwanafunzi ambaye hajui kusana chuma hana aibu yoyote. Kazi yake ni kuvukuta, ili moto wa wanaojua usizimike mbele ya macho yake.